Kuku wa Chiriku Ndani ya Kioo

Nyumba ya Pampu,
Kituo cha Maji.
Jumanne, tarehe 3.
Mvua ya jana milimita nne, mto mita moja na sentimita themanini.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe? Wifi na mapacha hawajambo? Mgongo wako umepona, au bado unabeba maboksi kwa kiburi, kana kwamba una miaka ishirini? Sisi huku tu wazima, ila Mama goti lake linamsumbua asubuhi; likishapata moto anatembea kutuzidi sote. Anakusalimia na anasema umenenepa kwenye picha. Nikamwambia hilo ni koti. Akasema koti halina mashavu.

Barua yako nimeipata, pamoja na ile picha ya mwanangu Chiriku uliyoikata gazetini. Umeandika kwamba umewaonyesha wenzako wote kazini, na msimamizi wako ameibandika ukutani karibu na birika la chai. Nimefurahi kwamba umefurahi. Sasa kaa chini, maana mimi sijafurahi, na nina kazi ya kukutuma. Ningekupigia simu, lakini nikianza kufoka salio linaisha kabla ya hasira. Barua hii anakuja nayo muuguzi, binti wa fundi cherehani jirani yetu, anayerudi kazini kwake huko. Atakukabidhi mkononi.

Kazi yenyewe naisema mapema usije ukasinzia njiani: nataka ukanichukulie daftari langu. Lifike hapa kabla ya Alhamisi tarehe 26.

Unalijua. Ni lile kaunta buku nene nililolijalidia kwa karatasi ya kaki, ambalo ulipokuwa ukiishi nami ulikatazwa kuliwekea kikombe. Ukurasa mmoja kwa mwezi, miaka thelathini na moja. Kila asubuhi saa tatu natoka, napima maji kwenye kopo la mvua, nashuka mtoni kusoma ubao wa kina, narudi naandika. Nimeandika nikiwa na homa, nimeandika nikiwa na mimba ya miezi tisa, nimeandika siku tuliyomzika Baba. Karatasi za kila mwezi nilizokuwa nikipeleka ofisi kuu zilikwenda na mafuriko ya mwaka juzi, kabati na vyote vilivyomo. Kwa hiyo mto wetu hauna kumbukumbu nyingine popote ila hiyo.

Mafuriko hayohayo ndiyo yaliyoichukua zahanati, hilo unalijua. Sasa baraza litakaa hiyo tarehe 26 kuamua ijengwe wapi, na mhandisi mpya anataka kuirudisha palepale bondeni, kwa sababu kiwanja kipo na barabara inafika. Anasema maji yale ni ya mara moja katika miaka mia. Ni kijana mwenye adabu, lakini ana miezi saba hapa. Mimi najua kwamba miaka kumi na sita yangu ya mwanzo maji hayakufika pale hata siku moja, na miaka kumi na mitano iliyofuata yamefika mara tano. Akaniambia, "Mama, mimi nakuamini. Lakini baraza haliwezi kuandika kwamba mama wa pampu anakumbuka. Nipe maandishi." Maandishi yako huko kwenu, ndani ya sanduku la kioo.

Sasa sikiliza yalivyofika huko.

Chiriku alipoalikwa kwenye ule mkutano mkubwa wa tabianchi, nilikataa. Miaka yote nawasikia redioni: mataifa yamekutana, vijana wamelia, wakubwa wameguswa. Wakishaguswa wanapanda ndege. Mwaka unaofuata wanaguswa tena katika mji mwingine. Sijaona hata kalavati moja lililojengwa kwa kuguswa. Na hao vijana nao, Mungu anisamehe, wengine wamenogewa. Wanajua zaidi kamera iko upande gani kuliko wanavyojua mto wa kwao unaelekea wapi.

Lakini mwanangu alinipatia pabaya. Alisema, "Mama, mimi siendi kulia. Naenda na namba." Hapo nikalegea. Nikampa daftari mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nimelizungushia taulo lisipate unyevu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi sasa ndiye ninayelia.

Wewe ulimpokea stesheni ukamvika koti lako, Mungu akulipe. Koti hilo lilidumu siku mbili. Mratibu wa msafara wao alimtaka alivue, eti linaficha asili. Si mtu mbaya huyo mama, alimpa hata dawa ya kikohozi. Ila alikuwa na begi. Humo akamtolea shanga, kitambaa cha magome, na kofia ya manyoya ya ndege ambaye hata jina hatulijui. Hebu niambie, lini umemwona mtu wa ukoo wetu na manyoya kichwani? Bibi yetu alivaa gauni la maua na sweta la kijani mpaka anakufa. Babu alikuja hapa kufyatua matofali, na wenyeji wenyewe mpaka leo wakikasirika wanatuita wakuja. Leo wakuja ndio tumekuwa "jamii asilia ya mtoni". Kitu pekee cha asili alichorudi nacho Chiriku ni kikohozi.

Na usidhani nawacheka wote. Alilala chumba kimoja na mama mmoja wa mbali, ambaye kwao msitu unakatwa kweli na manyoya yake ni yake. Huyo amehudhuria miaka kumi na moja. Alimwambia Chiriku, "Mwaka wa kwanza watakupiga picha, wa pili watakusahau, wa tatu ndipo utaujua mlango wa wapishi, na humo ndimo wanamopita wakubwa." Mama huyo ningependa kunywa naye chai. Sina ugomvi na wenye manyoya yao. Ugomvi wangu ni na begi.

Basi mratibu alipoliona daftari alilikumbatia. Akasema ni hazina, liwekwe kwenye maonyesho kila mtu alione. Chiriku akatia saini karatasi kwamba litakaa mpaka maonyesho yaishe. Alidhani ni zile siku kumi za mkutano. Kumbe maonyesho yamehamia kwenye ukumbi wa mji wenu, na yatakaa miezi sita. Mbele yake wameweka kadi: "Kitabu cha Mama Mtabiri, hekima ya kale ya kusoma mvua." Mimi! Mimi niliyesomea upimaji miezi tisa, na cheti changu kiko ukutani juu ya swichi ya pampu! Fundi cherehani tangu asikie hayo hanisalimii tena kama binadamu. Kila asubuhi, "Shikamoo mganga, leo nianike nguo?"

Na wamelifungua ukurasa gani? Wa kuku. Nadhani unaukumbuka. Chiriku akiwa na miaka minne alichukua kalamu ya nta nyekundu akachora kuku juu ya mwezi mzima, nawe ukasimama katikati nisimchape. Huyo kuku sasa ana kadi yake. Imeandikwa kwamba ni alama takatifu ya ndege wa mvua. Chini ya miguu ya huyo ndege mtakatifu ndipo nilipoandika siku maji yalipoingia zahanati mara ya kwanza, mita sita na sentimita kumi. Watu wanapita hapo kila siku wanampiga picha kuku.

Nimemwandikia mratibu. Akajibu kwamba kitabu ni urithi wa jamii, na hakiwezi kurudishwa kwa jamii mpaka jamii itoe ridhaa, kwa barua ya mzee wa jamii. Nikamwandikia kwamba jamii ni mimi. Akajibu kwa upole kwamba wanautambua uhusiano wangu wa kiroho na kitabu, ila kioo hakifunguliwi ovyo kwa sababu mwanga unakula wino. Akanitumia picha ya ukurasa mmoja, na sina haja ya kukuambia upi. Nikampelekea mhandisi. Akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Mama, huyu ni kuku?"

Siku ile nilirudi nyumbani nikamwangushia Chiriku yote. Baada ya hapo, wiki mbili nzima sikumwambia neno ila "chakula kiko mezani". Naye, mtoto tuliyempa jina hilo kwa sababu ya domo, akanyamaza. Nikadhani ni kiburi cha kutoka gazetini.

Jana ndipo nilipomsomea barua yako, pale ulipouliza alikuwa akisema nini kwenye picha ile, macho kayafumba na mdomo wazi. Gazeti limeandika chini yake "Sauti ya Mababu". Nilipofika hapo akaanza kulia, na mimi nikaiweka barua chini.

Ndipo akanisimulia. Kule mkutanoni alikuwa amepewa dakika tatu za kusema, zikapunguzwa zikawa moja na nusu. Mratibu alikuwa amemwandikia hotuba ya kuliza watu. Chiriku alipouliza habari ya namba, aliambiwa watu hawalii kwa milimita. Basi alipofika mbele akaikunja hotuba. Daftari liko kwenye kioo, kwa hiyo akafumba macho ili akumbuke, akaanza kuzitaja kwa lugha yetu, vile ninavyozisoma mimi kwa sauti nikihakiki mwisho wa mwezi. Tarehe, mvua, mto. Tarehe, mvua, mto. Mafuriko yote matano, na mvua ya siku tatu kabla ya kila moja.

Mkalimani alisikiliza kidogo, akanyamaza. Sijui nani alimwambia kwamba hiyo ni dua, na dua haitafsiriwi. Ukumbi mzima umevaa visikilizio na hakuna anayesikia kitu. Alipomaliza, mwenyekiti akamshukuru kwa wimbo wa asili uliogusa mioyo ya wote. Watu wakasimama wakapiga makofi mpaka akashindwa kushuka jukwaani.

Alinificha haya kwa aibu. Alidhani amezitaja vibaya.

Mdogo wangu, sikujua nicheke au nivunje kitu. Nikachukua kalamu nikamwambia, haya, taja. Akafumba macho vilevile. Mimi nikaandika, na sentimita moja haikupotea, hata ile iliyo chini ya miguu ya kuku. Sijui alizikariri lini; labda miaka ile aliyokuwa akicheza chini ya meza yangu nami nikidhani hasikii. Nimeumia kwa wiki zangu mbili zile. Nimemwomba radhi, nawe unajua kwangu kuomba radhi ni sawa na kung'oa jino.

Leo asubuhi nikampelekea mhandisi ile karatasi. Akaisoma mara mbili, safari hii bila kugeuza. Akasema, "Hizi ni hesabu nzuri sana, Mama. Lakini zimeandikwa jana."

Kwa hiyo nenda. Ndani ya bahasha nimetia nakala ya cheti changu, na barua ya ridhaa yenye muhuri wa kituo. Nimemwambia meneja wetu asaini kama mzee wa jamii. Ana miaka thelathini na miwili, amecheka, amesaini. Ukifika hapo ukumbini usianze na samahani. Waambie kuku ni wa mtoto na namba ni za mto. Wakigoma kabisa kulitoa, wafungue kioo usimame hapo uzipige picha kurasa zote mia tatu sabini na mbili, hata kama itakuchukua siku nzima, na muuguzi atakusaidia kunitumia. Tena vaa koti lako. Usilivue kwa ajili ya mtu.

Msalimie sana wifi, mwambie zile soksi alizomtumia Mama hazijamtoka miguuni tangu zifike. Mapacha waambie shangazi yao anangoja barua yenye mwandiko wao, si ya baba yao. Yule mzee mpangaji mwenzenu anayekusaidia fomu, nisalimie naye. Chiriku anasema, "Shikamoo, mjomba," na koti lako atalirudisha, ila bado analilalia. Mungu awatunze, awape afya, na akupe wewe riziki isiyovunja mgongo.

Daftari lisipofika, mimi na Chiriku tutakwenda barazani hivyohivyo, naye atasimama azitaje. Siogopi wakitukatalia. Wakikataa tutabishana, na ubishi nauweza. Ninachoogopa, mdogo wangu, ni mwanangu afumbe macho, ataje tarehe, mvua, mto, mpaka ya mwisho, halafu watu wetu wenyewe, wanaoijua lugha yake na waliokimbia maji yale pamoja naye, wasimame wampigie makofi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ninapofoka,

Mama Chiriku, mpima wa mto