Nilitangaza Kitabu Nilichosoma Jalada Tu

Jumamosi jioni, Kisugu. Mvua imenyesha tangu asubuhi, viatu vyangu bado vinachuruzika mlangoni, lakini mimi leo ni mwepesi. Mtu akinipuliza napaa.

Kwa wageni wa blogu hii: mimi ni Mama Aber, muuza mabeseni wa Kikuubo, kwenye maduka ya jumla. Shule niliishia darasa la saba kule Busia, upande wa Kenya, na binti yangu ametunga mchezo. Si wa simu. Ni wa mezani: mmoja anasimulia safari, wengine kila mmoja ana mtu wake aliyemwandika kwenye karatasi, na dadu ndiyo inaamua kama utavuka mto au utaliwa na mamba. Unaitwa Njia Saba. Umetoka kichwani mwa mtoto niliyemzaa mimi. Nimeshasema hivyo hapa mara nyingi na nitasema tena.

Leo ilikuwa siku ya kuzindua toleo la pili la kitabu cha mchezo huo. Nusura niiharibu mimi mwenyewe.

Nakiri. Wiki iliyopita Aber aliniletea nakala ya kwanza, jalada jekundu kama pilipili. Sikuifungua hata. Nilisimama mbele ya duka, nikajirekodi kwa sauti ile ile ya kuuzia mabeseni: "Mali mpya imeingia! Ya zamani tupa! Tupa kabisa, haina kazi!" Kikuubo ndivyo tunavyouza. Beseni likipasuka unatupa, unachukua jingine.

Lakini wachezaji wa Aber hawakuwa wamenunua beseni.

Video ilifika kwenye kikundi cha wachezaji. Kuna waliocheza na mtu yule yule miaka miwili, wamemvusha mito, wamemwoza, wamemuuguza. Sasa mama wa mwenye mchezo anawaambia watupe! Wakaandika kwamba hawaji. Aber akasoma, akazima simu. Kwa siku tatu neno lake kwangu likawa moja tu: "Mama, chakula tayari."

Baba yake, polisi mstaafu, alinitazama akatikisa kichwa. "Mama Aber, mimi miaka yote ile na bunduki sikumjeruhi mtoto huyu. Wewe umemweza na simu."

Na simu! Mimi!

Ukumbi ulikuwa Kibuli, chini ya kilima. Viti ishirini. Saa nane vilikuwa vimekaliwa viwili, na kimoja nilikikalia mimi. Aber alikuwa anapanga vile vitabu vyekundu, anavipangua, anavipanga tena.

Saa tisa wakaingia kumi na wawili wa wale waliosema hawaji, kwa pamoja, wamelowa chapachapa. Vitabu vyao vya zamani walikuwa wamevifunga kwenye kavera, mifuko ya plastiki, visiguswe na maji. Nilipoona hivyo nikaelewa nilichokifanya.

Mwalimu Sulaiman, mchezaji wa siku nyingi kuliko wote, hakukaa. "Dada Aber, sina ugomvi na wewe. Nauliza tu. Kapteni wangu wa miaka miwili nimtupe kwenye pipa gani?"

Watu wakacheka, kicheko kisicho kizuri. Aber akafungua mdomo, sauti ikakatika. Mtoto anayesimulia vita saa nzima bila kunywa maji!

Nikatoa karatasi yangu kwenye mkoba. Ndiyo, hata mimi nina mtu: Nekesa, mchuuzi, mwenye punda mmoja kilema. Karatasi yenyewe ina mafuta ya chapati.

"Aliyesema mtupe ni mimi, si yeye," nikawaambia. "Kitabu nilisoma jalada tu. Na huyu wangu mwenyewe nimeshindwa kumtupa."

Mwalimu akakodoa macho. "Kumbe Mama una mtu?"

"Nina mtu na punda."

Banange, Aber akacheka. Sauti ikarudi. "Mama, fungua ukurasa wa tano."

Nikasoma mbele yao polepole, kidole chini ya maneno. Binti yangu ameandika kwamba kila aliyetembea njia hizi aje na mtu wake, na makovu yake, na mizigo yake, asiachwe hata mmoja. Chini yake kuna maelezo ya kumhamishia toleo jipya, mistari sita tu. Yote yalikuwemo tangu mwanzo.

Tukamhamisha Nekesa hapo hapo, na punda wake. Nikarusha dadu tuvuke mto, ikaja sita. Nilipiga kelele mpaka mlinzi wa geti akachungulia.

Mwalimu akavuta kiti, akafungua kavera. "Haya, sogeza punda wako, Mama. Kapteni apite."

Vile vitabu vyekundu havikubaki mezani hata kimoja. Kwenye boda tukirudi, Aber aliegemeza kichwa mgongoni kwangu. Nilikaa wima kutoka Kibuli mpaka hapa nyumbani, nisimsumbue.

Najisifu sana, najua, na sitaacha, maana nimezaa mtunzi. Ila ile video nimeifuta. Kesho baada ya kanisa nitarekodi nyingine, na safari hii nimeshafika ukurasa wa thelathini.

Kumbe punda wangu anaruhusiwa kuogelea.