Panzi wa Mwisho wa Madame Lan

Jumamosi. Mvua imenyesha mtaani kwetu Etterbeek tangu asubuhi, nami moyo umenijaa. Acha niandike kabla sijapoa.

Mwaka jana kiharusi kilinikamata nikiwa namsuka mteja nywele saluni, kule barabara ya Chaussée de Wavre. Nilipona, lakini mkono wa kulia ukabaki mzito. Miaka kumi na miwili mkono huo ndio ulionilisha. Nakiri, kuna siku niliuchukia kama mtu anavyomchukia adui.

Binti yangu Grâce ndiye aliyenipeleka kwa Madame Lan, mama Mchina anayekaa ghorofa ya chini kwenye jengo letu. Kila Jumamosi anafundisha uchoraji wa kwao, maua na wadudu. Nilikwenda ili Grâce aache kunisumbua, basi. Madame Lan hakuniuliza habari za ugonjwa. Alinipa brashi nene, akanionyesha jinsi ya kuiendesha kwa bega, si kwa vidole.

Ni miezi mitano sasa nachora maua ya maboga na majani yake mapana. Wadudu sijawahi kuwagusa. Miguu yao ni myembamba kama unywele, inataka vidole.

Leo wenzangu walipoondoka, alinizuia. Akatoa karatasi moja kwenye jalada la kadibodi. Ilikuwa tupu, isipokuwa pembeni chini, panzi wa kijani, kila kiungo mahali pake. Nilibana pumzi nisije nikamshtua akaruka.

"Nilimchora macho yangu yakiwa bado mazima," alisema kwa Kifaransa chake cha polepole. Daktari alipomwambia kwamba macho yanafifia, alichora wadudu tu, karatasi baada ya karatasi, akiacha nafasi ya maua. Maua angeweza kuyaongeza baadaye, hata akiona vibaya. Huyu alikuwa wa mwisho.

"Chora maua yako hapa, Furaha."

Nilirudi nyuma. "Non, Madame. Nitakuharibia."

"Sasa hata maua siyaoni vizuri. Wewe unayaona. Chora."

Karatasi ile inanyonya wino papo hapo, hakuna kufuta. Nikalowesha brashi. Jani la kwanza lilitoka pana, zuri. La pili likatetemeka. Nikaomba kimoyomoyo, nikaliacha hivyohivyo. Kisha maua mawili ya njano, na shina likishuka mpaka miguuni pa panzi.

Nilipoinua mkono, panzi alikuwa na pa kukaa.

Madame Lan aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Hili linalotetemeka," alisema mwishowe, "lina upepo."

Nililia. Sioni aibu kuliandika.

Akagonga muhuri wake mwekundu wenye jina lake. Mimi muhuri sina. Basi akashika kidole gumba changu cha kulia, akakichovya kwenye rangi ileile, akakikandamiza kando ya jina lake.

Nilipofika juu, Grâce akakiona kidole changu, akashtuka. "Maman, umeumia? Ni damu?"

"Hapana, mutoto yangu. Ni sahihi yangu."

Hakuelewa, nikamsimulia yote, naye akataka kushuka akaione picha muda uleule. Jioni hii nimeosha vyombo kwa mkono wa kushoto, taratibu, ili rangi isitoke. Asante, Mungu, kwa mama huyu wa chini. Asante kwa mkono huu, jinsi ulivyo.