Ufunguo Ulale Ng'ambo

Mama Zaina,

Kosa la watu wengi ni kufunga kabati kwa kufuli nzuri, kisha kutundika ufunguo kwenye msumari ubavuni mwake. Wewe, mke wangu, hukulifanya kosa hilo. Kabati ya chuma yenye fishi, kadi za wagonjwa, ilikaa kwenye kituo chako cha afya, upande wa Kasuku. Jioni ulifunga ufunguo pembeni mwa kikwembe ulichojifunga kiunoni ukavuka nao mto Lualaba, kuja kulala kwetu Alunguli. Wauguzi wenzako walikutania kwamba fishi zako unawanyima hata panya.

Vita vilipoingia ulianza kuuacha kwangu, ukavuka nao siku ya kuandika fishi tu. Ndiyo maana askari walipotaka majina ya wanawake waliotibiwa, wanawake ambao wao wenyewe waliwaumiza, ulimjibu kiongozi wao kwa adabu: "Ufunguo iko ng'ambo, mukubwa, kwa bwana yangu. Uvuke." Waliipiga kabati kwa vitako vya bunduki. Ilibonyea, haikufunguka.

Siku hizi fishi zimekuwa majedwali ndani ya kompyuta, na Zaina wetu ndiye anayeyatunza. Fundi aliyatia usimbaji vizuri: kila jina likageuka vurugu ya herufi isiyosomeka bila ufunguo. Lakini ufunguo wenyewe, ambao ni mstari mrefu wa herufi, aliuacha katika mashine ileile, kwenye faili aliyoiita "ufunguo". Nilicheka, halafu nikakukumbuka.

Nilimweleza Zaina polepole, kama nilivyokuwa nikieleza hesabu darasani. Sasa ufunguo unakaa kwenye flashi. Asubuhi anaichomeka, mashine inausoma, anaichomoa. Jioni mashine inazimwa na flashi inavuka mto, imefungwa pembeni mwa kikwembe. Flashi ya pili anayo dada yako, maana ufunguo ukipotea hata sisi hatusomi kitu.

Jumapili iliyopita mashine iliibwa. Mama mmoja aliyemo kwenye majedwali alikuwa ameshafunga mizigo arudi kwao, mji wa Kama, akihofu jina lake litasomwa, kwa kuwa aliyemuumiza bado anatembea mjini humu. Nilimwonyesha nakala ya jedwali bila ufunguo, kama mwizi atakavyoliona. Alitafuta jina lake kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akacheka kidogo: "Baba, hata mimi mwenyewe sijioni humu."

Hakuondoka.

Ungelisikia cheko lile... Nyumba imekuwa kimya, Mama Zaina. Basi, tuendelee.

Zimebaki nakala tunazopeleka mji wa Lubutu, ili moto ukitokea tusipoteze kila kitu. Jedwali likisimbwa na nakala yake ikaachwa wazi, tumefunga mlango tukasahau dirisha. Pumzika, mke wangu. Nakuahidi, maadamu ninapumua, hakuna jina la mwanamke litakalotoka kwetu likiwa wazi.

Na wewe Zaina, utakayemsomea mama yako haya kaburini: leo, kabla pikipiki ya Lubutu haijaondoka, jaribu kuisoma ile diski yenye nakala bila flashi. Ikisomeka, isimbe kwanza.