Punda Wangu Havai Nira Tena

Masumbwe, Mbogwe
14 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Melania,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Nilisikia umeanza kwenda kanisani bila fimbo, nikafurahi sana. Sisi huku ni wazima. Coletha ameota meno ya juu, ananing'ata akinyonya, lakini ndiye furaha yangu.

Najua shemeji Eustace amekupigia simu uje unikanye. Basi sikia na ya kwangu.

Mume wangu Theonest alipokwenda machimboni Nyarugusu aliniachia punda wawili na mkokoteni, na hao ndio wanaotulisha. Eustace alikuwa akiwafunga nira ya ng'ombe, kama wengi wanavyofanya hapa. Punda jike akatoka kidonda shingoni. Eustace akasema wameisha hao, wauzwe, na tena mwanamke hajui kumvalisha mnyama vifaa vya kuvutia mkokoteni. Nikakataa. Baba mkwe akaamua hivi: nikiweza kuwavalisha mwenyewe na kufikisha mahindi mnadani, wanabaki kwangu. Nikishindwa, Eustace awachukue.

Nikamfuata Dorika, bibi mifugo wetu. Akanionyesha kila kitu na mahali pake. Kichwani hatamu. Mgongoni tandiko, hilo nililishona kwa gunia nikajaza matambara. Mkanda wa tumbo ubane, ila vidole vipite. Mkanda wa nyuma unazuia mkokoteni kwenye mteremko. Mzigo wenyewe unavutwa kwa mkanda wa kifua, kidonda hakiguswi. Mara ya kwanza niliufunga juu mno ukamkaba koo, punda akagoma kabisa. Dorika alicheka mpaka akakaa chini. Nikawa natwanga huku nayataja majina hayo, Coletha anasinzia mgongoni.

Siku ya mnada Eustace alikuja na nira begani, na wenzake nyuma.

"Mama Coletha, acha kumvisha punda sidiria. Funga nira twende."

Wakacheka wote. Mimi, Shangazi, sikuacha kufunga mikanda yangu. Nikamwambia, "Shemeji, ng'ombe ana nundu ya kushika nira. Ya punda wangu umeiona wapi?"

Wakamgeukia yeye kumcheka.

Mahindi yalifika, na kwenye ule mteremko wa daraja mkokoteni haukuwasukuma punda hata kidogo. Baba mkwe alikuwa ananisubiri mnadani. Akawazunguka, akashika mkanda mmoja mmoja akiniuliza jina lake. Nikataja yote. Akasema, "Wabaki kwako, mwanangu."

Kwa hiyo ukija, njoo kumwona mjukuu wako, usije kunikanya. Msamaha siombi, maana sijakosa. Nira ya Eustace aliisahau hapa, naegemezea mlango wa banda la kuku. Akiitaka aje aichukue. Punda hawatoki.

Nisalimie dada Bernadina na babu Telesphori, umwambie ugoro wake nitamletea. Mungu aushike mguu wako na awalinde nyote huko Chato.

Wako akupendaye,
Ritha, Mama Coletha