Kasi ya Kadi na Kitambaa cha Mama

Jumamosi, Busia, upande wa Uganda. Joto la kutoa jasho hata ukiwa umekaa tu. Mvua inatishia kule Masinya lakini hainyeshi, na moyo wangu uko vivyo hivyo.

Tangu mdogo wangu Owori ahamie Nairobi kutafuta kazi, tumebaki na Jumamosi jioni tu: yeye kwake, mimi kwangu, tunashindana magari kwenye kompyuta kupitia intaneti. Wiki iliyopita picha yangu iliganda kila kona. Alicheka, kisha akaaga mapema, na kule kuaga ndiko kulikoniuma. Mtu huchoka kusubiri.

Kadi mpya ya picha, ile inayochora mchezo kwenye kioo, sina pesa ya kuinunua. Nikaamua kuipandisha kasi hii niliyo nayo, mtumba wa kutoka ng'ambo ya mpaka, tena kwa adabu. Haraka haraka haina baraka. Umeme wake sikuuongeza, maana huo ndio unaounguza. Unapandisha kasi kidogo, unaipa mchezo mzito, unatazama joto, unapandisha tena. Picha ikianza kutoa madoadoa, unarudi nyuma.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Mchana mabati yalipopata moto, kompyuta ikazimika yenyewe. Nikashusha kasi hadi nilipoanzia, ikazimika tena. Nilikaribia kulia, mtu mzima mimi.

Ndipo nikakiona kitambaa. Mama alikifuma kwa uzi mweupe, akaja nacho aliponitembelea kutoka kijijini Paya na kukitandaza juu ya kompyuta kama anavyofanya kwa televisheni na redio. "Kitu ya maana haikai uchi," alisema. Nimekizoea hata sikioni tena, kumbe kimelala barabara juu ya matundu ya kutolea joto.

Nilikitoa, nikasafisha vumbi la malori kwenye feni, nikaanza upya. Kufikia jioni kadi ilikuwa imetulia, joto la kawaida, picha inateleza. Nikacheka kwa sauti, nikageuka nimhadithie mtu.

Hakuna mtu.

Nikamsubiri Owori. Ukaja ujumbe: "Bro, leo usiningoje. Niko na maboyz wa hii plot ninayokaa, tunacheza kwao. Next week, sawa?"

Nikamjibu, "Sawa, enjoy." Uongo mtupu. Nilikuwa na wivu na watu nisiowajua hata sura.

Niliendesha mzunguko mmoja peke yangu. Picha haikuganda hata mara moja, na barabara nzima ilikuwa yangu. Nikazima.

Siku nzima nimehangaika na mashine ili nisilazimike kumwambia ndugu yangu jambo dogo. Basi kesho nikitoka misa nitampigia simu, na mchezo sitautaja kabisa. Nitamwambia nimemkumbuka, nyumba imekuwa kubwa mno, aje hata kwa siku moja.

Sijui kama nitathubutu.