Plan ya mto imemfikia Murjan

Adhis, nimejimaliza! Ile voice note ya plan yetu ya fainali ya game ya himaya, ile ya ubao, nimemtumia Murjan badala yako. Murjan mwenyewe, mpinzani wangu!

Kila kitu kiko ndani: zamu ya kwanza najenga mji kando ya mto, ya pili farasi wanavuka wamvamie kabla ajenge ukuta.

Ameisikiza yote. Tukikaa kucheza akaniambia, "Trizah, sitaitumia. Cheza vile ulipanga."

Nani husema hivyo??

Nikacheza vile vile. Farasi wakavuka. Adhis, hakukuwa na askari hata mmoja mtoni. Hata mmoja!

Akanipa mkono tu.

Nimeshinda, lakini nimejifungia kwa choo cha ukumbi hapa mtaa wa Ayany. Nashindwa kutoka nimwangalie.