Swali la Bibi Yako Kuhusu Gari la Alkoholi

Rua Padre Belmiro,
Ribeirão das Garças,
São Paulo, Brazili.

3 Julai 2023

Mpendwa mjukuu wangu Jussara,

Salamu nyingi kutoka kwetu baridini. U hali gani? Kile kikohozi ulichokitaja wakati wa Pasaka kimekwisha? Na mumeo Henrik, bado anakunywa kahawa nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe? Huko Uswidi sasa ni kiangazi, na mama yako ananiambia jua linachelewa kutua mpaka watu wanafunga mapazia wapate usingizi. Mimi naandika nikiwa na blanketi magotini. Jua linaingia upande mmoja tu wa meza, nami nalifuata na karatasi yangu.

Kuhusu afya yangu, daktari amenieleza bila kuzungusha maneno kwamba moyo umechoka, na kwamba nisianze mambo ya muda mrefu. Nilimwuliza kama barua ni jambo la muda mrefu. Akasema inategemea mwandishi. Mama yako nitamwambia mwenyewe akinipigia simu, kwa hiyo hadi akutajie yeye, nitunzie siri.

Sasa nikufungulie moyo. Ninalo jambo la kuungama. Padre nimeshamwambia, lakini sidhani kama alilielewa, kwa sababu yeye hutembelea pikipiki.

Unajua kwamba nilikuwa mkemia wa kiwanda, kazi yangu kugeuza maji ya miwa kuwa alkoholi ya kuendeshea magari. Nimesimama mbele ya wanafunzi, mbele ya madiwani, hata kwenye karamu za harusi, nikieleza kwamba alkoholi ndiyo itakayotuachisha petroli. Kwa sehemu kubwa bado naamini hivyo. Lakini dada yangu Zulmira, bibi yako, aliniuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake, nami nikajifanya ninalo. Ndiyo maana hakuwahi kupanda gari langu. Nilikuwa na hamu moja tu iliyobaki: kabla sijafa, apande.

Itazame tena picha ya harusi ya mama yako. Utaona ameyashika maua chini sana, karibu na paja, kama mtu aliyechoka kuyabeba. Hakuwa amechoka.

Wiki ile ya harusi bibi yako alifua gauni akalianika uani. Enzi hizo miwa ilichomwa moto kabla ya kukatwa, na alasiri masizi yalikuwa yakielea juu ya mji mzima, vipande vyeusi vyembamba kama majani ya chai. Wanawake wa hapa walitazama mbingu kwanza, ndipo wakaanika. Yeye alitazama, akaona kweupe. Upepo ukageuka. Na kila mwanamke wa Ribeirão das Garças anajua kwamba masizi ya miwa hayafutwi, hupulizwa. Bibi yako alijua kuliko wote. Lakini alipoyaona juu ya gauni la binti yake, mkono ulitangulia akili, akafuta. Likabaki doa refu jeusi lisilotoka kwa sabuni wala kwa machozi.

Mimi nikafika saa hiyohiyo, nimetoka kuchukua gari langu jipya la alkoholi, rangi ya maziwa. Nilikuwa na furaha ya mtoto. Nikasimama pale uani nikiwaeleza jinsi hewa ya São Paulo itakavyokuwa safi.

"Safi kwa nani, Anselmo?" aliniuliza. Hakuniita kaka siku hiyo.

Nikamjibu kwa tarakimu. Nilizijua zote. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya. Mimi nitatembea kwa miguu." Na ametembea. Tumekula pamoja kila Jumapili, tumewazika wazazi, alinishika mkono siku ya kumzika mke wangu Iraci. Lakini mvua ikinyesha, yeye na mwavuli wake, mimi na gari langu. Akalipa jina: Mlevi. "Kaka, Mlevi wako ameamka leo?"

Nisikudanganye ukadhani nimeishi kwa majuto tu. Nimeishi kwa udadisi, na huo haujachoka kama moyo. Kwa mfano, nataka kujua: huko melini unakofanya kazi, moto wa methanoli, hiyo alkoholi inayoendesha meli zenu, mnauonaje? Hapa kiwandani moto wa alkoholi mchana wa jua kali ulikuwa hauonekani kabisa. Unaona hewa ikitetemeka tu. Tukishuku kwamba bomba limeshika moto, tulitembea polepole tukitanguliza ufagio. Ufagio ukiwaka, umefika. Je, nyinyi mna ufagio, au mna chombo cha kielektroniki kinachofanya kazi ya ufagio?

Na yale mabaki yanayosalia baada ya kukamua alkoholi, meusi, ya moto, yananuka kama supu iliyosahauliwa jikoni. Zamani yalimwagwa mtoni na samaki wakaelea matumbo juu. Baadaye ikaonekana kwamba yana chakula kingi cha mimea, yakarudishwa mashambani, miwa ikanenepa. Jambo hili bado linanishangaza: kitu kilekile, hatua chache tu kutoka mtoni hadi shambani, huku ni sumu, kule ni samadi. Nyinyi huko mnabakiwa na nini?

Lakini nimeanza kuzurura. Turudi kwa bibi yako.

Siku hizi miwa ya hapa haichomwi. Inavunwa mbichi kwa mashine, majani yanabaki chini kama mkeka. Masizi hayajaanguka kwa miaka. Kwa hiyo nilipotoka kwa daktari nilipitia moja kwa moja kwa Zulmira. Alikuwa anachambua maharage.

"Jumapili nikupeleke kanisani," nikamwambia.

"Na nani?"

"Na Mlevi."

"Ee! Kaka, umeugua?"

"Masizi yamekwisha, Zulmira. Unaona mwenyewe."

"Naona, macho ninayo." Akaokota jiwe dogo kwenye maharage, akaliweka kando. "Lakini Mlevi wako bado anakunywa petroli kwa siri. Kila asubuhi ya baridi, kikombe kimoja. Unadhani sijui? Mji mzima unajua. Unahubiri alkoholi, na tumboni mwa gari umeficha chupa ya petroli."

Ni kweli, Jussara. Magari ya siku hizi hunywa chochote unachoyapa, lakini wewe hukuyakuta yale ya mwanzo. Alkoholi haipendi baridi. Haitaki kugeuka mvuke. Kwa hiyo chini ya boneti kulikuwa na kitangi kidogo cha petroli, cha kuamshia injini asubuhi tu. Sote tulikuwa nacho. Kilikuwa aibu ndogo ambayo hatukuizungumza.

"Nikikimwaga?" nikauliza.

"Ukikimwaga, na gari likawaka, nitapanda."

Nilikimwaga. Jirani yangu Osvaldir, yule kinyozi, alinishikia ndoo, huku akitikisa kichwa. "Mzee Anselmo, wametangaza baridi ya jalidi usiku. Si ungengoja mwezi wa Septemba?" Sikumwambia kwa nini sitangoja mwezi wa Septemba.

Jana, Jumapili, nyasi ziliamka nyeupe. Bibi yako alifika mapema, koti la kahawia, mkoba, rozari mkononi. Nikavuta choki, nikawasha. Stata ililia, injini haikujibu. Nikajaribu tena. Nikamwagia bomba la hewa maji ya moto ya birika, kama tulivyofanya zamani. Hakuna. Betri ikaanza kulegea, na mimi pia. Niliegemea mlango nikitafuta pumzi. Nilidhani ndiyo basi. Atageuka, atafungua mwavuli wake hata kama hakuna mvua, atashuka mteremko kwa miguu.

Badala yake nikasikia mlango wa upande wa pili ukifunguka. Alikuwa ameketi ndani, mkoba mapajani.

"Halijawaka," nikamwambia.

"Nimeona. Ingia, baridi." Kisha akateremsha kioo, akampazia sauti jirani yangu, aliyekuwa akitoka kwenda misa na wakwe zake. "Osvaldir! Wewe na wakwe zako, mmevaa vizuri, lakini njooni hapa mtusukume!"

"Mama Zulmira, suruali hii nimeipiga pasi sasa hivi!"

"Utapigiwa nyingine. Na usukume taratibu, kuna mayai humu!"

"Mayai gani?"

"Mimi na kaka yangu!"

Wakasukuma. Unaujua mteremko wetu. Gari likashika mwendo, wao wakaachwa nyuma wakicheka, nasi tukawa tunashuka kimya kabisa, bila injini, kati ya nyumba na watu waliosimama vizingitini kututazama. Bibi yako aliyatazama yote kama mtu aliyepanda ndege.

"Sasa hii ndiyo safi, kaka," akasema. "Haijanywa chochote."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka. Alikuwa akinitazama. "Daktari amekuambia nini?"

"Nani kakuambia nilienda kwa daktari?"

"Mtu hamwagi petroli yake wakati wa baridi kama ana miaka mingi mbele."

Nikamwambia. Tulikuwa tumefika kwa fundi viatu. Kwenye duka la mikate akaweka mkono wake juu ya mkono wangu ulioshika gia, akaufinya. Halafu akasema, "Hebu liamshe, tutafika kanisani tumelala." Nikaingiza gia ya pili, nikaachia klachi. Mlevi akaruka, akakohoa, akawaka mbele ya mlango wa kanisa, kengele ikilia, moshi mwepesi ukizunguka nyuma yetu na ile harufu tamu chungu.

Tulidhani tutateremka. Hatukuteremka. Akavuta pumzi puani.

"Inanuka kama mtambo wa baba," akasema, "alipokuwa akipika pombe kule nyuma ya banda."

"Ndiyo."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kupanda."

Baada ya misa alitaka tupite njia ndefu, mashambani. Mashine ilikuwa imelala, majani ya miwa yametandazwa chini, mbingu wazi. Hata hivyo aliitazama mbingu, kwa mazoea. Ndipo akanikumbusha juu yako. Alitaka kujua hiyo alkoholi ya meli zenu inatoka wapi. Nilimwambia nimesoma kwamba methanoli nyingi duniani bado hutengenezwa kwa gesi ya ardhini, na nyingine kwa mabaki ya mbao, na wengine wanajaribu kuitengeneza kwa moshi wenyewe, wanaukamata kabla haujapaa. Alisikiliza vizuri. Kisha akauliza swali lake lilelile, bila hasira safari hii, kwa hamu tu ya kujua. Nami kwa mara ya kwanza nilimjibu ukweli: sijui, dada. Tumwulize Jussara.

Kwa hiyo tunakuuliza. Mahali inapotengenezwa, kuna watu wanaoanika nguo? Wanatazama juu kwanza?

Msalimie sana Henrik na mama mkwe wako Birgitta. Mama yako Rosângela, mjomba wako Delcídio na watoto wake wote wanakusalimu. Osvaldir naye, pamoja na suruali yake. Mungu akulinde baharini na nchi kavu, na kazi ya mikono yako isimchafulie mtu yeyote gauni.

Ukijibu, barua mwandikie bibi yako, si mimi. Andika kwa herufi kubwa, maana macho yake hayaoni kama zamani. Funguo za gari nimemwachia yeye. Hajui kuendesha, lakini anasema atajifunza kusukumwa.

Ni mimi babu yako, nikupendaye na nisiyeacha kuuliza,

Anselmo Bortoletto